Kumsindikiza Aliyetendewa: Mwongozo kwa Wasaidizi wa Waathiriwa wa Uhalifu Malindi

Kesi nyingi nilizoziona zikifa hapa Malindi hazikufia mahakamani. Zilifia njiani: kati ya geti la hospitali na dawati la polisi, kati ya kituo cha polisi na stendi ya matatu, kati ya tarehe moja ya kesi na nyingine, mama akiwa hana nauli ya kutoka Marafa wala mtu wa kumuuliza. Daktari alifanya yake, askari alifanya yake, hakimu alikuwa tayari kusikiliza. Ila hapakuwa na mtu wa kwenda na mama yule kutoka mlango huu hadi ule. Mtu huyo ndiye wewe.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaoanza kazi hii: wasaidizi wa kisheria wa mitaani, maafisa wa watoto wa kujitolea, washauri nasaha, wahamasishaji wa afya, na akina mama wasio na cheo chochote lakini ndio wanaogongewa mlango usiku. Nitazungumzia zaidi ubakaji, unajisi wa watoto na ukatili wa nyumbani, maana ndiyo mambo yanayotufikia kwa wingi. Aliyevamiwa kwa panga au kuporwa naye ana haki zile zile, na hatua nyingi ni hizi hizi.

Kazi yenyewe naiita kusindikiza. Msindikizaji hamtangulii mwenzake wala hambebi mgongoni. Anatembea ubavuni, anaijua njia, na anajua pa kusimama.

Zunguka milango kabla hujagongewa

Usingoje tukio ndipo ujifunze. Tenga siku moja uzunguke kila mahali ambapo mtu wako atapitia: hospitali ya Malindi, kituo cha polisi na dawati la jinsia, ofisi ya watoto, masjala ya mahakama, ofisi ya kiongozi wa mashtaka. Jitambulishe kwa jina na useme unafanya nini. Uliza maswali madogo madogo ambayo usiku wa manane hayana wa kuyajibu. Nani hujaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, na huwepo siku gani? Wikendi kuna nani? Mtoto akiletwa saa nne usiku, funguo za chumba cha dawa zina nani? Muuguzi mliyesalimiana mchana atakufungulia usiku haraka kuliko asiyekujua.

Andika nambari za simu kwenye daftari, usitegemee simu peke yake. 116 ni laini ya bure ya watoto. 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, nayo ni ya bure. Polisi ni 999 au 112. Ongeza nambari ya mzee wa mtaa, ya chifu, na ya mwendesha tuktuk mmoja unayemwamini, mtu asiyeuliza maswali kwenye kioo cha mbele.

Mkoba wangu una leso mbili, nguo za akiba za mtoto na za mtu mzima, maji, biskuti, kalamu, na bahasha za kaki za ukubwa tofauti. Leso ndiyo inayofanya kazi kuliko vyote. Mwanamke aliyechaniwa nguo anajistiri nayo, mtoto anajifunika uso akitaka, na kwenye benchi la hospitali inakuwa tandiko.

Kwenye daftari usiandike jina la mtu. Mimi hutumia herufi na nambari, na orodha ya majina inakaa mahali pengine pamefungwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka siri za watu zitunzwe, lakini hata kama isingekuwepo, Malindi ni mji mdogo. Daftari likisahaulika kwenye matatu ya Watamu, kufikia jioni Gede nzima imesoma.

Saa ya kwanza

Mtu akikujia, mambo matatu tu ndiyo unayohitaji kuyajua mara moja: yuko salama sasa hivi? Ameumia wapi? Jambo limetokea lini? Mengine yote yatangoja. Wengi wetu tunapoanza tunataka kisa chote, kwa huruma, na hapo ndipo tunapoharibu. Kila anaposimulia upya anaumia upya, na kila simulizi hutofautiana kidogo na iliyotangulia. Wakili wa mshtakiwa atazitafuta tofauti hizo siku ya kesi.

Kwa hiyo sema machache. "Pole, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Hukukosa wewe." Maneno hayo yanatosha. Swali la "kwa nini" liache kabisa: kwa nini ulipita kule, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini umenyamaza wiki nzima. Hata likiulizwa kwa sauti ya upole, linasikika kama hukumu. Usimwahidi kwamba aliyemtenda atafungwa, maana huo si uamuzi wako. Na mtoto akikuomba usimwambie mtu yeyote, usikubali halafu ukamgeuka. Mwambie kweli: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na kabla sijawaambia nitakujulisha."

Akisema mwenyewe, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe na saa. Mtoto akiita kiungo chake kwa jina la kitoto, andika jina hilo hilo. Usilisafishe wala usiligeuze likawa la kitabibu. Akiongea Kigiriama na wewe hukijui vizuri, tafuta mwanamke asiye wa ukoo wake akutafsirie. Nilishawahi kumkubali ami wa msichana awe mkalimani wetu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Siku ya pili nilifahamu ni kwa nini alikuwa karibu. Kosa lile lilikuwa langu, na ndiyo sababu nalisisitiza hili.

Wavulana na wanaume nao hutendewa. Wanakuja wakisema wameumia mgongo, au tumbo. Mpe mtu nafasi ya kukaa bila kuongea, usimharakishe.

Hospitali kwanza, polisi baadaye

Watu wengi wanaamini lazima waanze polisi ndipo hospitali iwapokee. Si kweli. Afya inatangulia, na saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, tunazoziita PEP, zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kidonge cha kuzuia mimba kinaweza kutumika hadi saa 120, yaani siku tano. Kuna pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda, na dawa za magonjwa ya zinaa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 imeweka msingi wa waathiriwa kutibiwa bure katika hospitali za umma. Ukitajiwa malipo, uliza kwa adabu ni ya nini, na uombe kumwona msimamizi.

Mtu akishadhulumiwa hivi, jambo la kwanza analotaka ni kuoga. Mweleze, bila kumtisha, kwamba asubiri apimwe kwanza. Kama ameshaoga, nendeni hivyo hivyo. Usiseme "lo, umeharibu ushahidi." Majeraha bado yapo, damu bado inapimwa, dawa bado zinahitajika.

Nguo alizovaa wakati wa tukio zisifuliwe. Zikiwa mbichi zianikwe kivulini mpaka zikauke, kisha kila nguo iingie kwenye bahasha yake ya kaki. Karatasi, kamwe si plastiki. Hapa kwetu unyevu wa bahari unapenya kila kitu. Nguo ikifungiwa kwenye nailoni huota ukungu kwa siku chache na maabara haipati kitu. Andika juu ya bahasha tarehe, saa, na ni nani aliyempa nani. Askari atakapozipokea, aandike kwamba amezipokea. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nimemwona mpelelezi akiulizwa kizimbani suruali ilikaa wapi kwa siku nne, akakosa jibu.

Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa. Ina nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mwathiriwa, moja inabaki hospitalini. Hakikisha nakala ya mwathiriwa imetoka naye. Soma yaliyoandikwa kabla hamjaondoka: tarehe ni sahihi? Umri je? Kuna sahihi na jina la aliyempima? Kusahihisha saa hiyo ni rahisi. Baada ya miezi sita, aliyejaza huenda amehamishiwa Turkana.

PEP inanywewa siku 28. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa sababu chupa ya dawa ikionekana nyumbani itazua maneno. Panga naye: dawa zitawekwa wapi, atameza saa ngapi, pamoja na chakula gani. Mpigie siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne. Ukinipa nichague kati ya kuhudhuria semina na kupiga simu ile ya siku ya tatu, nitapiga simu.

Kituoni

Kituo cha polisi ndipo watu wanapoogopa zaidi, na si bure. Kabla hamjaingia mweleze kitakachotokea. Ripoti itaandikwa kwenye kitabu cha matukio, na mtapewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo hamjaripoti, mmezungumza tu. Iandike mahali pawili. Omba muongee chumba cha faragha kwenye dawati la jinsia, siyo kaunta mbele ya walioleta mambo ya simu zilizopotea. Akitaka askari wa kike, ombeni.

Fomu ya P3 haiuzwi. Polisi huitoa bure, mhudumu wa afya huijaza, nayo hurudi kwenye faili. Mtu akidai pesa ya mafuta ya gari au ya kutoa nakala, usigombane naye pale kaunta mwathiriwa akisikia. Muombe kwa heshima umwone OCS, mkuu wa kituo. Hilo likishindikana, kuna kitengo cha polisi cha kushughulikia malalamishi dhidi ya polisi wenyewe, na kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kabla hujafika huko, andika: siku gani, saa ngapi, alisema nini. Malalamiko yasiyo na tarehe hayaendi mbali.

Maelezo yake yakishaandikwa, asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Kosa likiwepo lirekebishwe pale pale. Wewe usimjibie. Ukimjibia swali moja, maelezo yanageuka kuwa yako, na huenda ukaitwa shahidi wa jambo ambalo hukuliona.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nami nitalikalia, kwa kuwa huku kwetu ndilo linaloangusha kesi za watoto. Ni umri. Kwa sheria ya 2006, aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Akiwa wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kwa hiyo upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri, na watoto wengi wa Magarini, Jilore na Kakoneni walizaliwa nyumbani na hawana cheti cha kuzaliwa. Anza kutafuta siku ile ile. Kadi ya kliniki ya chanjo ipo? Cheti cha ubatizo? Sajili ya shule ya chekechea? Mama mwenyewe anaweza kutoa ushahidi wa lini alimzaa mwanawe. Msaidie akumbuke kwa matukio anayoyajua, ukame fulani, uchaguzi fulani, mvua zilizovunja barabara. Pasipo na karatasi yoyote, daktari anaweza kupima umri na kuandika ripoti. Mkumbushe mpelelezi aombe kipimo hicho mapema. Nimeshaona mtoto akipimwa umri miaka miwili baada ya tukio, ameshavunja ungo, kila mtu akibishana alikuwa na miaka mingapi siku ile.

Usiku huo atalala wapi?

Uliza swali hili kabla jua halijatua. Kama mtuhumiwa ni baba wa kambo, au ami anayelala chumba cha pili, kumrudisha mtoto pale ni kumkabidhi. Ni bora atoke mtenda, siyo mtendewa. Tukimwondoa mtoto kila mara, yeye ndiye anayepoteza kitanda, shule na marafiki. Lakini mtenda asipokamatwa usiku ule, afisa wa watoto atafutwe. Mtoto kupelekwa kituo cha uokoaji kunahitaji utaratibu wa sheria na amri ya mahakama, usimpeleke kwa kufahamiana tu na mwenye kituo. Wala usimpeleke kwako. Najua moyo unavyokuvuta. Usimpeleke. Utamweka hatarini na kesi yake pia, na utajiweka mahali ambapo hata nia njema haitakutetea.

Kwa mke anayepigwa, ipo Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza mume kumkaribia au kumtisha. Wanawake wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba amri hiyo bila kuomba talaka, na ukimwambia hivyo unaona mabega yanashuka.

Wazee nao tusiwasahau. Katika kaunti hii ya Kilifi, mzee mwenye mvi akishaitwa mchawi anaishi akihesabu siku, na mara nyingi ukichimba chini ya neno uchawi unakuta shamba. Akikuambia ametishwa, usimwambie ni maneno ya vijana. Ripoti vitisho kwa chifu na polisi, chukua OB, halafu tafuta jamaa au kituo cha kumhifadhi siku hiyo hiyo.

Wakija kumaliza nyumbani

Siku ya tatu au ya nne watakuja. Hawaji kwa fujo. Wanakuja wazee watatu wamevaa vizuri, wanakaa kivulini, wanaitisha maji. Wanasema sisi ni watu wa nyumba moja, kijana amekosa, atalipa. Watataja mbuzi, au elfu kadhaa, au kwa watu wa bara ya Malindi watataja malu, yaani fidia ya kimila. Wengine watasema wataoana.

Usiwadharau wazee hawa. Mila ya kukaa chini na kupatana imeokoa mashamba, ndoa na undugu mwingi huku pwani, na wenyewe wanaamini wanaokoa boma. Ila kwa unajisi na ubakaji hawana mamlaka hayo, na unaweza kulisema hilo kwa heshima. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana kinaweka uamuzi wa kusimamisha kesi juu, na leo mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Naye, kwa Katiba ya 2010, hawezi kuiondoa kesi bila idhini ya mahakama. Kwa hiyo baba hawezi kuiondoa, mama hawezi, mtoto hawezi, na askari hawezi. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 118, inahesabu kuwa ni kosa kupokea mali ili kosa kubwa la jinai lifichwe. Anayepokea mbuzi naye anaingia hatarini.

Mimi husema hivi: "Wazee wangu, shikamooni. Mimi sikuja kuwagombanisha. Kama ingekuwa mpaka wa shamba, ningekaa mkekani niwasikilize. Lakini jambo hili limeshaandikwa polisi, na sheria haikuniachia mimi wala baba yake mtoto kulifuta. Mkimpa pesa leo, kesho yeye na nyinyi mtaulizwa." Mara nyingi huwa kimya kwa muda. Wengine huondoka wakiwa wamepata sababu ya kumrudishia aliyewatuma, na ukweli ni kwamba baadhi yao walikuwa wanaitafuta sababu hiyo.

Halafu kaa na baba. Huyu ndiye anayeachwa peke yake. Pengine ni mgema, anapanda minazi ya watu, na mwenye minazi ni ndugu wa mtuhumiwa. Ukimwambia "haki ya mtoto wako" na usimuulize atakula nini mwezi ujao, umemhubiria tu. Muulize. Kama kuna shirika, msikiti au kanisa linaloweza kuishika familia kwa wiki chache, litafute sasa. Kama ameshapokea pesa, usimwaibishe mbele ya mkewe. Mshauri aende na wewe kwa mpelelezi aseme mwenyewe, kabla haijajulikana kwa njia nyingine.

Vitisho vikizidi, yaandike yote na umpelekee kiongozi wa mashtaka. Kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi, na kuna wakala wa serikali wa kazi hiyo. Wachache ndio hufikia kuhamishwa makazi, lakini taarifa ya vitisho ina uzito pia wakati wa dhamana. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wa mwathiriwa na familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapopangwa. Mahakama haiwezi kuzingatia usichoiambia.

Mahakamani

Mji wetu una mahakama ya mahakimu, Mahakama Kuu, na hata Mahakama ya Rufaa hukaa hapa hapa. Kwa mtu wa Goshi aliyezoea kumwona chifu tu, majengo hayo yanatosha kumfunga ulimi. Mpeleke wiki moja kabla. Mwonyeshe hakimu anakaa wapi, karani wapi, kiongozi wa mashtaka wapi, na mshtakiwa atasimama wapi. Mwonyeshe choo. Mwambie anaweza kuomba maji, anaweza kusema "sijaelewa swali", anaweza kusema "sikumbuki".

Usimfundishe cha kusema. Kueleza chumba ni sawa, kupanga majibu ni kosa. Mtoto aliyefundishwa hujulikana haraka, na anaharibikiwa na neno lake la kweli pamoja na lile ulilompa.

Mtoto mdogo ataulizwa kwanza na hakimu maswali ya kupima kama anajua maana ya kiapo na ya kusema kweli: unasoma shule gani, mtu akisema uongo inakuwaje. Msimamizi wa mtoto asishtuke, huo si mtego. Na tuwaambie wazazi jambo hili linalowapa nguvu: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kujamiiana, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu. Kauli ya "hakuna shahidi mwingine" haiui kesi.

Kabla ya siku ya kusikizwa, mwone kiongozi wa mashtaka umuulize kuhusu ulinzi wa shahidi dhaifu chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: kutoa ushahidi kwa faragha, nyuma ya kizuizi asimwone mshtakiwa, au kupitia msemaji anayemsaidia mtoto kufikisha maneno. Haya yanaombwa, hayaji yenyewe. Mwathiriwa anaweza pia kuwa na wakili wake. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2020 kwamba mwathiriwa ana nafasi yake katika kesi, wala si shahidi tu. Wasio na uwezo waulize ofisi ya huduma ya msaada wa kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Siku yenyewe fika mapema, kaeni mbali na jamaa za mshtakiwa, na beba chakula. Kisha jiandae kwa neno linalochosha kuliko yote: imeahirishwa. Wakili hakuja, faili haikuonekana, hakimu ana semina. Msiondoke bila tarehe mpya. Tofautisha mensheni, yaani siku ya kutajwa kwa kesi tu, na kusikizwa, maana kwa mensheni mara nyingi mwathiriwa hahitajiki, na nauli ya tuktuk na matatu kwenda na kurudi unaweza kumwekea kwa siku inayomhitaji. Mimi huenda kwenye mensheni peke yangu, kisha nampigia jioni hata kama hakuna jipya. "Leo hakukuwa na jipya" nayo ni habari.

Mshtakiwa akitiwa hatiani, kabla ya adhabu mwathiriwa ana haki ya kuieleza mahakama jinsi alivyoathirika. Msaidie aandike kwa maneno yake: usingizi, shule, mtaa aliohama. Na mapema, kabla ya furaha kuwapanda, waeleze kuhusu rufaa. Familia inayosikia neno rufaa kwa mara ya kwanza baada ya hukumu huhisi imedanganywa.

Mwili wako na moyo wako

Mwezi Aprili 2023 miili ya wafuasi wa dhehebu lililodaiwa kuwataka wafunge hadi kufa ilipoanza kufukuliwa msituni Shakahola, idadi ikaja kupita 400. Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka dawati la kutafuta waliopotea hospitalini Malindi, na jamaa wakaja kutoka kila upande wa Kenya kutoa sampuli za DNA. Miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa familia Machi 2024. Karibu mwaka mzima wa kusubiri. Sisi wa kazi hii tulijifunza kwamba kusubiri nako ni kidonda, na kwamba msaidizi anayesema "wiki ijayo" bila kuambiwa wiki ijayo anakichokonoa. Tulijifunza pia kwamba hakuna anayeweza kusikiliza vilio kutwa, siku saba kwa wiki, akabaki mzima.

Dalili utazijua: unaota kisa cha mtu mwingine, unamfokea mwanao kwa jambo dogo, unaanza kusikia "ni wale wale tu" moyoni mwako mtu akisimulia. Neno hilo la mwisho ndilo linalonitisha mimi. Ukilisikia, simama. Tafuta mwenzako wa kuongea naye kila wiki, bila kutaja majina. Weka saa ambayo simu ya kazi inazimwa na ya mwenzako inawashwa. Nenda ufukweni, nenda kwa dada yako, lala.

Na pesa tuziseme. Wengi wetu ni wa kujitolea, na marupurupu yakija huja kwa kuchelewa. Ukitoa nauli mfukoni mwako kila mara, siku ikikosekana kesi inasimama na wewe una deni. Andika kila shilingi uliyotumia, hata ya kutoa nakala. Msiwe na aibu kuomba nauli kwa kaunti, kwa mashirika, kwa wafadhili wa msikiti wa Ijumaa. Usipokee zawadi kutoka kwa familia ya mwathiriwa wala, Mungu apishe mbali, kutoka upande wa pili, hata kama ni kuku mmoja. Picha na habari za kesi zisiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp. Kutangaza jina la mtoto aliyetendewa ni kosa la kisheria, na kumtangaza kwa "tumuombee" ni kumtangaza.

Ukiacha au ukihama

Utafika wakati utapata kazi nyingine, au utaolewa Lamu, au utachoka. Usiondoke kimya. Mpeleke atakayekurithi kwa kila mwathiriwa, mkae pamoja, mmtambulishe kwa jina, na umuulize mwathiriwa kama anakubali. Mkabidhi mwenzako faili lenye nambari ya OB, nakala ya PRC, tarehe ya kesi inayofuata na jina la mpelelezi aliyepo sasa. Mwathiriwa naye mwachie bahasha yake mwenyewe, yenye nakala ya kila karatasi iliyo haki yake, na mwambie aiweke pasipofika mchwa wala mvua.

Kisha, siku ya tarehe ile ya kwanza utakapokuwa hupo, mpigie simu mwenzako jioni umuulize kama walipata nauli.